Kitanda cha Mgeni

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni hapa Dodoma, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza mashuka ya mitumba. Mteja aliyenitangulia, dada aliyevaa kiofisi, alikuwa ameigeuza meza kitanda. Alitandika shuka jeupe, akaweka la maua juu yake, akakunja blanketi laini upande wa miguuni, akapanga mito minne. Akatazama, akavuruga vyote, akaanza upya. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mwanangu, atalala nani humo?" muuzaji akamuuliza.

"Mama yangu. Anakuja kesho kutoka kijijini Kolo. Anaumwa miguu na yuko peke yake, nataka abaki kwangu moja kwa moja. Amekuja mara mbili, na mara zote siku ya tatu akaaga."

"Alisemaje?"

"Alisema kitanda ni kizuri mno, anaogopa kukichafua."

Muuzaji akaondoa mito mitatu na lile shuka jeupe. "Umemtandikia mgeni, na mgeni huaga. Kwake anajifunika nini?"

Dada akajibu, "Blanketi zito, la kijivu."

Tulitafuta la namna hiyo sote watatu mpaka tukalipata chini kabisa ya robota la mitumba lililokuwa kando ya meza.

Siku hizi biashara ya nje imefunguliwa, mashuka ya Ulaya yanatufikia hadi huku, nasi tunatandika vitanda vya kutazamwa. Juzi nilimwona tena yule dada sokoni, pamoja na mama mzee mwenye mkongojo. Mama alikuwa akimgombeza mbele za watu kwamba hajui kuchagua mboga ya mlenda, na dada alikuwa anacheka.