Pombe ya Mizimu

Kwa muda mrefu nilikuwa watu wawili, na kila mmoja alikuwa na tabibu wake. Walioniona nikijibizana na cherehani pale sokoni Bariadi walisema nimerogwa. Walionusa gongo kwenye pumzi yangu walisema huyu ni mlevi tu, mwanamke mzima hana haya. Hakuna aliyekaa akauliza kipi kilitangulia.

Zilitangulia sauti. Nilikuwa nikikanyaga pedeli, nashona sare za shule, na ndani ya mlio wa cherehani wazee wawili wakaanza kubishana kuhusu ng'ombe, polepole, kama watu wasio na safari. Sikuwaogopa. Siku nyingine nilicheka nao, wateja wakanikodolea macho, nami nikawakodolea yangu. Kisha akaja wa tatu, mwanamke mwenye ulimi mchafu, aliyejua kila aibu yangu. Huyo ndiye aliyenifikisha kwenye gongo, maana glasi ya kwanza ilimnyamazisha. Zilizofuata zilimwamsha na hasira zake zote.

Daktari wa kliniki ya akili, mama mmoja aliyezaliwa kwa wakulima kama sisi, ndiye wa kwanza kukataa kunigawa. Nilimwambia nitaacha pombe kwanza, halafu nirudi na mambo ya kichwa, kama nilivyokuwa nimeshauriwa kwingine. Akacheka.

"Maksai wawili wako kwenye nira moja," akasema. "Ukimshika mmoja ukamwacha mwingine, jembe litakwenda wapi? Tunawashika wote wawili, leo hii."

Basi nikapewa vidonge vya sauti, na kikundi cha kuongea habari za chupa, chini ya bati lile lile. Alinionya jambo moja: dawa zile na pombe haziketi nyumba moja, na kwa mtu kama mimi hakuna funda dogo. Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni nilimchukia kidogo.

Msimu wa pamba ulinikuta katika hali hiyo. Malori yalipita yamejaa pomoni, na nyuzi nyeupe zikabaki zinaelea barabarani, zikatua kwenye michongoma, kwenye nywele za watoto, kwenye kitambaa nilichokuwa nashona. Nilikaa katikati yake nikiwa macho na nimelala kwa wakati mmoja. Mchana ulirefuka, ukalainika. Wale wazee walihamia mbali, nikawa nawasikia kama unavyosikia majirani nyuma ya ukuta, unajua wanaongea lakini hujui wanaongea nini. Yule mwanamke alikuja mara chache, naye alionekana amechoka. Ilikuwa raha, na ilikuwa upweke pia. Niliwakumbuka wale wazee, na sikumwambia mtu.

Ndipo mama akapiga simu kutoka kijijini kwetu, mbele ya Mwandoya. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yangu afariki, alikuwa ameitisha tambiko. Bibi mzaa baba alikuwa mganga, na kwa baba mkubwa jambo lilikuwa wazi: sauti zile ni za bibi na wenzake, wananiita nishike kazi yao, na hazitatulia mpaka nizipokee. Kuzipokea ni kwa pombe ya mtama. Anayeitwa ndiye anayepiga funda la kwanza, anameza kidogo, kinachobaki anakitema upande linakochomoza jua. Mtu mwingine hawezi kulipiga kwa niaba yake.

Nilikwenda. Kukataa kungekuwa kuwatukana waliokufa na walio hai kwa pamoja. Ila niseme kweli, njia nzima mate yalinijaa mdomoni.

Asubuhi tulisimama mbele ya vijumba vya nyasi vya mizimu, vinavyofika magotini. Vumbi la ng'ombe waliotoka zizini lilikuwa bado limening'inia, jua limelipaka rangi ya asali, na watu ndani yake walionekana wamefifia, nikashindwa kujua nani amekuja na nani amekufa zamani. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka. Mtungi ulikuwa umejaa. Baba mkubwa akachota kwa kata, akanikabidhi.

Harufu ilinipanda mpaka machoni. Mikono ikatulia. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba ilitulia.

"Shemeji," mama akasema, "daktari amekataza."

"Dawa ya moto ni moto," baba mkubwa akajibu.

"Dawa ya moto ni maji. Hata mtoto anajua."

Mama yangu si msemaji. Kanisani huketi nyuma kabisa, na kwenye matambiko ya ukweni alikuwa hatoki jikoni. Siku ile alikuja akaishika ile kata mikononi mwangu, akaipokonya, akainama mpaka usawa wa vile vijumba.

"Ninyi wazee," akasema, "huyu akinywa anakufa. Kama mna kazi naye, mnamtaka mzima. Basi kunyweni wenyewe, mmwache."

Akaimwaga yote. Ardhi ikainywa upesi.

Nilidhani baba mkubwa atampiga. Hakumtazama hata kidogo. Mtungi ulikuwa bado una pombe tele, na kata ilikuwa inaning'inia mkononi mwa mama. Baba mkubwa akanigeukia mimi, taratibu, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa.

"Wewe ndiye unayewasikia," akasema. "Wamesemaje? Wameikubali hiyo iliyomwagwa?"

Wote wakanisubiri. Katika ukoo mzima ni mimi tu niliyekuwa na masikio hayo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeyaita ugonjwa. Nikasikiliza. Wale wazee wawili hawakuwepo. Alikuwepo yule mwanamke, karibu sana, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko siku zote.

*Tumekataa,* alisema. *Chota, mwanangu. Kidogo tu.*

Mama alikuwa ananitazama, pombe inamdondoka vidoleni.

"Wamekubali," nikasema.