Kamera Mbili za Lelemama

Mpiga video wa harusi za wanawake hapa Mji wa Kale haamini kamera mpaka aishike. Kwanza huvua bangili, zisije zikasikika kwenye kanda, kisha huipapasa kwa ncha za vidole kama ajaribuye pasi ya makaa. Leo ataka mbili zilizo sawa, zimchukue nyanyake akicheza lelemama, moja kwa mbele, moja kwa ubavuni, ili wajukuu wajifunze kila hatua. Nyanya amekubali kucheza mara moja tu, magoti yamegoma.

"Dadangu, chukua hii moja kubwa," asema muuzaji wa duka la kamera. "Umfunge nyanya utepe mwekundu mikononi, aonekane vizuri."

"Nyanyangu si ng'ombe wa mnada."

Awasha zote mbili zirekodi, zikimwelekea muuzaji, kisha apiga kofi moja kali la viganja mbele yazo, lile linyamazishalo harusi nzima.

"Kanda mbili haziendi sawa asilani!" muuzaji apayuka, mkono juu.

Arudisha kanda, asimamisha kila moja penye kofi, aziachia pamoja. Kwenye televisheni mbili za duka alizoziunganisha nazo, mkono wa muuzaji wapanda pamoja, washuka pamoja. Mwanamke avaa bangili, mojamoja, bila haraka.

"Nifungie hizi mbili. Utepe wako ivishe hiyo kubwa, labda itapata wa kuiposa."