Mzee Alitaka Chuma

Mimi nina hasira za karibu, na Changamwe nzima yajua. Sipigani na mtu, lakini mdomo wangu ukishaanza hausimami. Kuna mwenye gari mmoja aliyedai nimemwibia nati zake, nati zenyewe mbovu, na mpaka leo akipita mbele ya gereji yangu hugeuza uso upande wa pili. Kwa hivyo ami yangu alipokwenda Likoni kunipelekea posa, nilimwomba Mungu sifa zangu zisivuke feri kabla yake.

Ami alirudi na jibu la watu waungwana: posa wameipokea, wataulizia, watatujulisha. Huko kuulizia ndiko kulikoninyima usingizi. Wangemuuliza nani, na huyo nani angesema nini? Binti mwenyewe alikuwa radhi, na mimi kwake nilikuwa sijiwezi, ila kwao hakuna ndoa mpaka baba aseme, na baba alikuwa bado hajasema.

Haikupita wiki, asubuhi moja nikamwona baba mtu anaingia gereji na gari lake la Kijapani, lile la turbo, likipiga mluzi kama birika. Nikafuta mikono haraka haraka, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa sauti ya mtu asiyenijua kabisa. Posa hakuitaja. Alisema gari limeishiwa pumzi, akishuka feri kile kilima cha kupanda kinamshinda, na ameambiwa mimi ni fundi. Nani kamwambia, hakusema.

Nikafungua boneti. Kazi ya turbo ni kuisukuma hewa kwa nguvu ili injini ivute zaidi, lakini hewa ikisukumwa hivyo hupata moto, na hewa ya moto haina nguvu. Ndiyo maana hupitishwa kwanza kwenye kipoozeo, sisi twakiita intakula, ndipo iingie kwenye injini. Intakula yake ilikuwa nzima. Paipu za kwendea na kurudia ndizo zilizooza. Fundi aliyenitangulia alikata paipu ya ekzosi, chuma kitupu, na hewa yetu ya chumvi imekila mpaka kikatoboka. Nilipopitisha kitambaa ndani kilitoka na unga mwekundu wa kutu, na unga ule njia yake ni moja tu, injini. Nikamwambia nitamfanyia paipu mpya za alumini. Mzee akaniuliza mbona si chuma.

Nikamweleza. Alumini haishiki kutu kama chuma, ni nyepesi, na joto haling'ang'anii. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema chuma ni chuma.

Kazi yenyewe niliipenda, sitaficha. Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu nikachagua kona za paipu ya alumini moja moja, nikiipitishia kila moja kidole ndani kuona haikubonyea pale ilipopindwa, kwa sababu kona iliyobonyea huikaba hewa. Nikazishika kwa matone ya weldi zikiwa garini, nikafunga boneti na kuifungua, nikazungusha feni kwa mkono, kuona hazigusi popote. Alumini ina deko: yataka brashi yake peke yake isiyogusa chuma, na upepo wa bandarini ukipeperusha kidogo tu gesi inayoikinga weldi, weldi inatoka matundu matundu. Nikatundika turubai upande wa upepo, nikachomelea taratibu. Kila mwisho wa paipu nikaupandishia ukingo mwembamba ili mpira wa kuungia usichomoke hewa ikijaa. Zilitoka nzuri, wallahi. Nilizipitishia kitambaa hata pasipokuwa na vumbi.

Na siku zote hizo mzee yupo. Avuka feri, aja akaa kwenye benchi, aagiza kahawa, anitazama. Alumini si ndiyo sufuria, akauliza, sasa nataka kumfungia sufuria garini? Mafundi wenzangu wakaangua kicheko, na tangu hapo jina langu likawa fundi sufuria. Nikacheka nao, cha kulazimisha. Kesho yake akaja na kipande cha ekzosi ya lori, akakiweka mlangoni bila maneno. Nikakiruka, nikaendelea na kazi.

Siku niliyomaliza kufunga, akazigongagonga paipu zangu kwa ufunguo. Kisha akasema, mbele ya watu wote, kwamba huu ni mchezo wa watoto, nizifungue nitie chuma, ama ampelekee gari mtu anayejua kazi.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na grinda mkononi na maneno yote mdomoni, yamejipanga. Na hapo hapo nikamuona binti yake akilini mwangu. Ningeweza kutia hicho chuma. Gari lingekwenda mwaka, miwili, na mimi ningekuwa na mke. Nikaizima grinda, nikaiweka chini, nikaenda zangu mferejini nyuma ya gereji, nikafungulia maji, nikachukua udhu, kama tulivyofunzwa chuoni hasira zikipanda. Adhuhuri ilikuwa bado mbali. Nilinawa tu mpaka yale maneno yakashuka.

Nikarudi na maji yananichuruzika. "Mzee, chuma sitatia," nikamwambia. "Kitakuulia injini. Ukitaka nazifungua hizi sasa hivi, ukatafute fundi mwingine, na kinyongo sitakuwa nacho." Nikajua nimemkosa binti. Moyo uliniuma vibaya, lakini maneno yalikuwa yashatoka.

Mzee akafunga boneti. Akaingia garini, akaniashiria nikae kando yake.

Tukashika njia ya Port Reitz. Mluzi hakuna. Alipokanyaga, gari liliondoka hata mgongo ukabanwa kwenye kiti, na mimi huku nina furaha ya kazi na huzuni ya mengine, sijui nishike ipi. Karibu na uwanja wa ndege akaegesha kando ya barabara, akazima injini.

"Nimefanya kazi melini tangu ujana wangu," akasema. "Kutu naijua kabla hujazaliwa. Alumini ndiyo yenyewe."

Nikamgeukia. Sufuria yote ile, benchi yote ile! Hasira zikanirudia upya, nikauliza kwa nini basi amenitesa.

"Mama yake binti alisikia kuwa wewe una hasira. Akaniambia nenda kamkasirishe, umtazame afanya nini." Akajifuta jasho usoni. "Wallahi nilichoka. Nilidhani hukasiriki. Leo nimekuona ulivyokasirika, na nimekuona ulikokwenda."

Nikatazama mikono yangu.

"Paipu zikipasuka nitatafuta nyingine," akasema. "Mwanangu ni huyo mmoja, na hasira zako ataishi nazo yeye. Mwambie ami yako aje."

Nikasema inshallah. Machozi yakanitoka hivi hivi, mchana kweupe, mbele ya mkwe wangu.