Matoleo Mawili ya Kitabu cha Sauti

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeniachia macho ya kusomea mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na yakichoka akanipa wajukuu wa kunisomea. Nikishamshukuru Yeye, sogea karibu nikusimulie.

Mjukuu wangu anasomea ualimu Korogwe. Likizo iliyopita alikuja hapa Chanika, Handeni, na riwaya ya kutisha, nene kama tofali, akajilaza mkekani akaanza kunisomea huku nikichambua mchele. Aliposoma sentensi ya kwanza, mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Ya pili niliisema kabla yake.

"Bibi! Wewe mwalimu wa madrasa, umesoma haya mambo ya mazimwi?"

"Sikusoma. Nilisomewa, tena kabla mama yako hajazaliwa."

Nikaenda sandukuni nikatoa nakala ya marehemu shangazi yangu. Haina jalada, na mgongo wake umeshonwa kwa ukindu. Jina lake halisi hatukuwahi kulijua. Tulikiita Kitabu cha Sauti, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachoishi katika kiwanda cha mkonge kilichoachwa, nacho huita watu kwa sauti za wale wanaowapenda. Ukiitika, unakwenda, na ndiyo basi.

Mwandishi ameeleza mwanzoni mwa toleo jipya kwamba zamani aliambiwa apunguze, maana karatasi zilikuwa adimu. Sasa amerudisha kila kilichokatwa. Tukakaa, mimi na cha zamani, mjukuu na kipya, tukawa tunasoma kwa kulinganisha. Katika cha zamani mlinzi wa kiwanda anakufa kwa mstari mmoja, nawe unabaki umeduwaa. Katika kipya ana mke, ana kikohozi, ana mbuzi anayemfuata kila aendako, na akifa unamlilia. Kuna nyongeza nyingine, kama habari ndefu za tajiri mwenye shamba, ambazo ningeziacha tu. Lakini mimi nilikuwa nangoja jambo moja: mahali anaporudi yule mtoto aliyeitikia sauti.

Ngoja nikurudishe Kwedizinga, nilikokulia.

Wakati ule, baada ya swala ya alasiri, kina mama walikusanyika barazani kwa shangazi kusuka ukili wa mikeka. Sisi watoto wa kike tulipasua ukindu, vidole vinawasha, na harufu ya mboga ya mchunga ikitoka jikoni, ule uchungu mtamu unaoujua kama umelelewa Handeni. Shangazi hakusuka. Kazi yake ilikuwa kusoma, akifuata mistari kwa kidole, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kuku walinyamaza, au ndivyo nilivyoona mimi.

Jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe. Hakuna aliyemwona tena. Kaburi halikuwepo, kwa hiyo hata hitma haikusomwa. Yule mama akajifungia ndani. Alikula kwa kulazimishwa. Mvua zilikuwa zinakaribia, mashamba yote yamelimwa, lake limejaa magugu, na kila mtu alijua kwamba asipopanda, mwaka ule atakufa kwa njaa au kwa huzuni.

Siku moja akatoka mwenyewe akaja barazani, akakaa pembeni. Kina mama wakatazamana. Kitabu kilikuwa kimefika pale mtoto wa mama mmoja anapoitika sauti na kuingia kiwandani.

"Dada, leo tusome kingine," mmoja wao akasema haraka.

"Someni hicho hicho," jirani akajibu. Tulikuwa hatujaisikia sauti yake kwa muda mrefu. "Nataka kujua kama huyo mtoto anatoka."

Hakuna aliyeshika ukili tena. Shangazi akainamia kitabu, akasoma. Alisoma jinsi mtoto alivyotokeza kati ya mistari ya mkonge, miguu imechomwa na miiba, vumbi mpaka kwenye kope. Akamkuta mama yake anapepeta, akasema, "Mama, kuna chakula?" Mama akampakulia ugali na mchunga, naye akala.

"Mpe maji kwanza!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na wengine wakacheka huku wakifuta machozi.

Jirani hakucheka wala hakulia. Aliinuka, akaaga. Kesho yake asubuhi tulimwona shambani na jembe.

Basi tuliposoma mimi na mjukuu, toleo la zamani lilisema tu kwamba mtoto hakuonekana tena. Toleo jipya lina sura nzima: mama anamsikia akiita kutoka kwenye mkonge, naye anafunga dirisha. Niliposikia hayo nilimwomba mjukuu apumzike kidogo.

"Na anarudi wapi?" nikauliza.

Tukatafuta mpaka ukurasa wa mwisho. Harudi popote.

"Labda umechanganya na kitabu kingine, bibi."

"Na mchunga nimeuchanganya?" Hapo ndipo niliposhtuka. Katika kitabu kizima watu wanakula samaki na wali. Mchunga haumo. Mchunga ulikuwa jikoni kwa shangazi.

Subhanallah. Aliitunga pale pale, kidole kikitembea kwenye mistari inayosema mtoto amepotea, na sauti haikutetereka.

Yule jirani bado yuko hai, Mungu amzidishie. Ni bibi kizee sasa, anaishi na binti yake kule kule Kwedizinga. Tulikwenda kumsalimia, na njiani nilimwonya mjukuu asithubutu kutaja. Niliogopa kumnyang'anya kitu alichokishikilia maisha yake yote. Lakini ujana ni ujana. Tulipokwisha kuamkiana, bibi akauliza mkobani mwa mjukuu mna nini, na mjukuu akaropoka, "Ni kile kitabu chenu, bibi. Kimeongezwa."

Nikainamisha kichwa. Bibi akaendelea kumenya mbaazi.

"Kimeongezwa? Safari hii wamemrudisha yule mtoto?"

Akanitazama, akacheka kwa fizi.

"Wewe ulidhani sikujua? Shangazi yako alisoma yale yote bila kufunua ukurasa hata mmoja. Nilimwona jasho linamtoka. Nikasema moyoni, huyu anahangaika namna hii kwa ajili yangu, nami nimelala ndani kama gogo. Ndiyo maana nikachukua jembe."

"Na mwanao, mama?"

"Mwanangu nilimwachia Mungu. Hitma yake niliiomba mwenyewe, nilipoweza."

Nikamuuliza kama nimsomee, na kama anataka cha zamani au kipya. Akasema anataka cha shangazi yangu. Nikajaribu, nikakwama baada ya maneno machache. Basi akaanza yeye. Aliisema sura yote, neno kwa neno, mkonge, vumbi, kope, ugali, kwa mapumziko yale yale ya shangazi. Mjukuu akatoa simu arekodi.

"Iweke chini hiyo, mjukuu wangu. Sikiliza tu," bibi akamwambia.

Siku hizi mikeka ni ya plastiki, na baraza ile ilishabomolewa. Kati ya wanawake waliokuwepo, amebaki huyu mmoja. Matoleo mawili yako kwangu, unaweza kuja kuyaazima. La tatu linakaa kifuani mwa bibi wa Kwedizinga, na siku atakayoitwa ataondoka nalo.

Mwenyezi Mungu akujaalie wewe unayesoma haya: siku utakapokuwa na huzuni, akupe mtu wa kukuhangaikia, na akupe macho ya kumwona anavyohangaika. Amin.