Hodi kwa Jike Aliyefiwa

Mzee mtunza farasi hupasha viganja vyake kwapani kabla ya kumgusa farasi yeyote, na kila banda hulipigia hodi kana kwamba ndani kuna mkwewe. Shamba analofanyia kazi huzalisha farasi wa kuruka viunzi. Asubuhi moja farasi jike mweupe alizaa mtoto mfu. Katika banda la pili, mtoto mwingine alikuwa amefiwa na mama. Mzee alimpaka yatima maziwa ya yule jike ili anukie kama wake, akamsogeza kwake. Jike akarusha teke.

“Mtoe, mzee, atamuua!” mwenye shamba akasema.

Mzee alimkinga mtoto kwa mwili wake, akaegemeza paji la uso shingoni mwa jike. “Pole, mama. Mwanangu nilimzika mwenyewe. Lakini huyu ana njaa.”

Walisimama hivyo mpaka adhuhuri, jike alipoinamisha shingo na kuanza kumlamba mtoto.