Niliwalaza wanangu chini ya boriti iliyoliwa na mchwa

Bwana Mhariri, na ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu, salamu. Jina langu naomba mlifiche, maana huku natambulika kwa kazi yangu, na likitoka nimekwisha. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na miwili, Msukuma wa upande wa Shinyanga, fundi mwashi. Kazi nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa akijenga maduka karibu na stesheni ya reli. Nina mke na watoto wawili.

Mke wangu ni binti wa mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani. Nilipomposa, shangazi zake walisema nikisikia, "Binti yetu apewe mtu wa porini?" Mzee, baba yake, ndiye aliyenisimamia. "Kijana ana kazi mikononi," akasema, na ndoa ikafungwa. Tangu siku hiyo sijataka shangazi wale wapate la kusema.

Dhahabu ilipoanza kuvuta watu Geita, Mzee naye akahamia, akanunua nyumba ya Mzungu mmoja mtafuta dhahabu aliyekata tamaa akarudi kwao. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, vyumba viwili na baraza pana linalotazama ziwa. Akaniita, akaniambia, "Mkwe wangu, nataka nyumba ya kukaa watu, ya kisasa. Niongezee vyumba vitatu nyuma, jiko liungane na nyumba, na ukuta huu wa kati uuondoe tupate ukumbi mmoja wa kukaa sote. Nanyi mhamie hapa hapa, wajukuu wakue mbele ya macho yangu."

Nilijenga kwa moyo wote. Vyumba vikasimama, bati likapanda, ukabaki ule ukuta wa kati. Ukiuondoa ukuta kama huo, lazima uweke boriti nene ya kubeba paa. Niliagiza mninga kutoka Kahama, lakini mvua zikakata njia, mti haukufika. Idi ikakaribia. Mzee alikuwa ameshaalika watu, na kila aliyepita alimwambia mbele yangu, "Huyu atamaliza kabla ya Idi. Hajapata kuniaibisha."

Katika ghala la yule Mzungu palikuwa na boriti ya zamani. Nikaipima, urefu ukatosha. Nikaigonga, ncha moja ikalia kama debe tupu. Nikachomeka msumari kwa kidole, ukazama mpaka kichwani. Mchwa. Ndugu zangu, nilijua. Nikakaa juu ya matofali kitambo, nikiwawaza wale shangazi. Kisha nikashindilia saruji katika tundu walilochimba mchwa, nikaipandisha boriti, nikapiga lipu, nikapaka chokaa.

Idi ikapita, watu wakausifu ukumbi. Mninga ulipofika baadaye, Mzee akauliza, "Mti huu wa nini tena?"

"Wa akiba, Baba," nikajibu. Nikaulaza nyuma ya nyumba.

Tukahamia. Watoto wakapenda kulala pale ukumbini kwa sababu ya upepo wa ziwa. Nikamwambia mke wangu awahamishe, pana mbu. Akacheka, "Baba Hamisi, mbu wa ukumbini tu ndio wanaouma?" Kila asubuhi nilitazama juu kabla ya kumtazama mtu. Ufa ulipotokea, niliuziba kwa chokaa. Ukarudi mrefu zaidi, nikauziba tena.

Ijumaa moja, baada ya sala, sisi wanaume tulikuwa barazani tunakula, wanawake na watoto wako ukumbini. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjwa. Hakuna mwingine aliyegeuka. Kwetu Usukumani mwanamume hamsogelei mama mkwe, hata uso wake hautazami. Siku hiyo niliingia mlangoni mbio, nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta toka mkekani. "Tokeni! Wote tokeni!" Mke wangu akawanyakua watoto. Aliyekuwa wa mwisho alikuwa hajavuka kizingiti, boriti ikashuka shubiri nzima, ikakwama. Kipande cha lipu, kikubwa kama jiwe la kusagia, kikaangukia sinia la wali pale walipokuwa wamekaa wanangu.

Hakuna aliyeumia. Mzee akaanza kunishukuru, eti nimewaokoa. Ningeweza kunyamaza, Mhariri. Lakini Mama Hamisi alikuwa ananitazama.

"Ulijuaje?" akauliza.

Nikasema yote, pale uani, mbele ya wote.

"Ulijua kabla hatujahamia?"

"Nilijua."

"Na ulipowaona watoto wanatandika pale?"

Mke wangu akaingia kwa mama yake, na tangu siku hiyo hajakaa chumba kimoja nami.

Siku ya tatu Mzee akanionyesha ule mninga. "Pandisha," akasema, basi. Nimeubadilisha mwenyewe, na Mzee alikuwa amesimama chini yake nilipoondoa nguzo za kuegemezea. Mama mkwe amenitumia salamu kwamba amenisamehe. Mke wangu anajibu neno moja tu kila ninapomwendea: "Sijaweza."

Sasa Mzee ameniita. "Wewe ni mumewe, mimi ni baba yake. Sema tu, nami nitamwamuru arudi chumbani kwako leo hii. Hatanikatalia." Ni kweli, hatamkatalia. Atarudi, atanipikia, ataniitikia. Na mimi namtaka arudi kuliko kitu chochote. Lakini naogopa kumpata kwa amri, nikaishi na mtu asiyeniambia tena lililo moyoni mwake, kama nilivyomfanyia mimi.

Mzee anasubiri jibu langu. Nishaurini wenzangu, hasa kina mama mnaosoma au kusomewa haya: nikubali aamrishwe, au nimsubiri mtu ambaye huenda asirudi kamwe?