Banjo Lisilopenda Kupanda

Banjo ninalopiga lilitengenezwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa. Lina nyuzi saba za utumbo, ngozi ya ndama, na shingo laini isiyo na vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Uzi mmoja ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo. Banjo hilo ameniazima mwalimu wangu, mzee wa Kiswidi anayetufundisha kule mtaa wa Farsta upigaji wa enzi hizo: kucha ya kidole cha shahada inashuka juu ya uzi, kisha kidole gumba kinadonoa ule mfupi, kama mtu anayebisha hodi na kujikaribisha mwenyewe.

Mama mkubwa, ninayeishi naye Hässelby, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, alipoliona mara ya kwanza alicheka hadi akaketi.

"Si zeze hili! Limevaa suti tu."

"Mwalimu anasema asili yake ni Afrika. Lilifika Amerika na watumwa, ndipo Waingereza wakalipenda."

"Basi limechoka na safari. Lipe maji."

Zamani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kanisa letu la Kiswahili. Umri uliposhusha sauti yake, kinanda hakikushuka naye. Akahamia benchi la nyuma, akawa anachezesha midomo tu. Nilimwomba aanzishe wimbo mmoja kwenye ibada ya shukrani, mimi nikimpigia. Alikubali kwa sharti.

"Nikikwama ninakaa chini. Na usiniombe tena maishani mwako."

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, nilifungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikatafuta sauti ileile ya kinanda cha kanisa, nikakaza kila uzi mpaka alama ikawa ya kijani. Mama mkubwa akaanza. Alipofika penye sauti ya juu kabisa, mlima wake wa siku zote, akakohoa, akakwama. Papo hapo uzi mwembamba ukakatika, pa!

"Umeona? Hata mwenzangu amekataa," akasema, akaenda zake jikoni.

Nilimpigia mwalimu simu.

"Umelipandisha mpaka wapi?" akauliza kwa Kiswidi chake cha polepole. Nilipomweleza, akaguna. "Legeza, legeza! Wakati ule walilipiga chini zaidi. Mpigaji alimsikiliza mwimbaji kwanza, ndipo akagusa vigingi vya kukazia nyuzi."

Nilifunga uzi wa akiba, nikaenda jikoni. Mama mkubwa alikuwa akimenya ndizi, dirisha limejaa ukungu wa sufuria.

"Mama mkubwa, imba tena. Safari hii usinifuate."

"Nianzie wapi sasa?"

"Hapohapo ulipo."

Akaimba huku kisu kikiendelea, kwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo. Nikazungusha vigingi nikishuka, uzi baada ya uzi, mpaka nikamkuta. Ngozi ikatoa mlio mzito, wa joto, ambao sikujua banjo lile linao. Tulipofika penye mlima, mlima haukuwepo. Kisu kikasimama.

"Rudia," akasema.

Jumapili, kijana anayepiga kinanda kanisani alimnong'oneza mama mkubwa akitaka kujua aanzie sauti gani.

"Wewe pumzika, mwanangu. Leo tunakwenda kwa miguu."

Akasimama mbele. Kucha yangu ikashuka, kidole gumba kikajibu, naye akaingia. Wazee wa mabenchi ya nyuma ndio waliomwitikia kwanza, wengine wakafuata. Ubeti ulipokwisha nilimtazama nione kama atakaa.

Aliinua kidevu kunielekea: haya, endelea.